Kupimwa Si Kuhukumiwa

Sisi wa pande za Kaniha tumewaona wageni wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Warundi nao walikaa kambi ya Lukole hata ilipofungwa mwaka 2008. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kwao tangu 1972, na kuanzia mwaka 2007 Marekani ikawapokea maelfu ya hao wa 1972 waliokuwa katika kambi za nchi yetu.

Lakini hakuna aliyepanda ndege pasipo kupimwa afya. Kazi hiyo ilikuwa ya madaktari wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, nayo iliogopwa kuliko maswali ya maofisa. Maana mtu aliyengoja miaka thelathini na zaidi huona kikohozi kimoja chaweza kumfungia mlango, yeye na watoto wake. Twaelewa hofu hiyo, hatuwezi kuicheka.

Hata hivyo, yafaa tujue kazi yenyewe ilivyo. Aliyetimiza miaka 15 hupigwa picha ya kifua. Ikionekana alama ya kifua kikuu, makohozi yake hutwaliwa siku tatu, yakapandwa katika maabara, na majibu huweza kungojewa hata majuma manane. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza huzuiwa kusafiri, wala hafukuzwi. Hupewa dawa, kwa kawaida miezi sita au zaidi, kisha hupimwa tena. Akipona, safari yaendelea.

Wala hatusemi kwamba sheria za vipimo zimekuwa za haki sikuzote. Kwa zaidi ya miaka ishirini mwenye virusi vya UKIMWI alikatazwa kuingia Marekani ila kwa ruhusa ya pekee. Katazo hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa kimegeuzwa hukumu, na watu walikuwa na sababu ya kuogopa.

Bali kifua kikuu ni jambo jingine. Anayekificha hamdanganyi daktari tu. Huwapumulia wajukuu walalao naye chumba kimoja. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kuchelewa miezi sita ni uchungu, lakini kumzika mtoto ni uchungu usio na mwisho.

Nasi tusiosafiri tunalo la kujifunza. Msafiri alilazimishwa kupimwa. Sisi hatulazimishwi na mtu, kwa hiyo twakohoa mwezi mzima huku twasema ni vumbi au moshi wa jikoni. Aliyekohoa majuma mawili na aende zahanati. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi yetu. Tusingoje safari ya ng'ambo ndipo tuzijue afya zetu.