Kila jamaa na nafasi yake katika orodha

Kwa jamaa iliyokimbia vita, orodha si karatasi tu. Siku ya kugawa unga na maharagi, mtu ambaye jina lake halisomwi anarudi mikono mitupu, hata kama watoto wake wamesimama pale mbele ya macho ya wote.

Kijana mmoja aliyehama Rutshuru na kupokelewa na jamaa moja ya Goma amelifahamu jambo hilo kwa njia nyingine. Anajifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems. Humo, orodha inayotumiwa sana inaitwa ArrayList. Kwanza inaumbwa kwa neno new, ikiwa tupu. Kisha inajazwa kwa neno add, kitu kimoja baada ya kingine. Ukianza kuijaza kabla ya kuiumba, programu inakataa. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo jamaa ya tatu iko kwenye namba 2.

Kwa zoezi, aliandika jamaa tatu za jirani. Aliumba kitu kimoja cha kushika jina na hesabu ya watu, akaandika humo jina la kwanza, akakitia katika orodha. Kisha akabadilisha jina katika kitu kilekile, akakitia tena. Na la tatu vilevile. Programu haikulalamika. Ilihesabu jamaa 3. Lakini alipoomba majina, ilitoa jina la mwisho mara tatu.

Sababu ni kwamba Java haiweki nakala ndani ya orodha. Inaweka njia ya kufikia kitu chenyewe. Kwa kuwa kitu kilikuwa kimoja, nafasi zote tatu zilielekea pahali pamoja. Dawa ni kuumba kitu kipya kwa kila jamaa, kabla ya kukitia.

Mama mmoja, ambaye jina lake lilikuwa limepotea katika zoezi hilo, alimwuliza: “Mwanangu, na mashini ilisema hesabu iko sawa?”

“Ndiyo, mama. Ilisema hivyo.”

Basi hesabu peke yake haitoshi. Anayeandika watu, kwa kalamu ao kwa kompyuta, asome majina kwa sauti mbele ya wenyewe kabla ya siku ya kugawa. Idadi inaweza kutimia, na jamaa mbili zikalala njaa.