Mikono Iliyotubebea

Sisi akina mama wawili hutengeneza batiki uani kwetu, Ilala. Tunayeyusha nta, tunachora juu ya kitambaa, tunatia rangi, kisha tunachemsha mpaka nta itoke. Mteja akiguna, "Mbona ghali hivi?" roho hutuuma.

Juzi tulinunua majora mawili Kariakoo. Kijana mmoja mchukuzi alijitwika hadi kituo cha daladala. Tulikuwa tumepatana shilingi 2,000, lakini tulipofika tukampa 1,500. Alizipokea kimya, akaenda zake.

Njiani tukaanza kuzungumza habari za jina Kariakoo. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Pale katikati ya mji, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya mtu mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini tu.

Tukatazamana. Yule kijana tulimfanyia yale yale tunayowalalamikia wateja wetu!

Jumatatu tulirudi, tukamtafuta hadi tukampata, tukampa 500 yake. Alicheka, akasema, "Nilishasahau, mama." Sisi hatukuwa tumesahau.

Mama mwenzetu, unapodai bei ya haki kwa kazi ya mikono yako, je, umeilipa mikono iliyokubebea mzigo?