Gavana wa Mlangoni

Nilipokuwa mwanafunzi Tuscaloosa, Alabama, kila asubuhi nilipita mbele ya jengo la Foster Auditorium. Pale pana mnara wa saa wenye jina la Autherine Lucy, na kiwanja chake kimepewa majina ya Vivian Malone na James Hood. Muhula mzima sikujishughulisha kujua ni akina nani. Nilikuwa na karo ya kuwaza.

Malone na Hood ndio vijana weusi waliokuja kujiandikisha hapo tarehe 11 Juni 1963, wakamkuta gavana wa jimbo, George Wallace, amesimama mlangoni. Miezi mitano kabla ya hapo, akiapishwa, alikuwa ameahidi ubaguzi wa leo, kesho na milele. Rais Kennedy alibidi achukue amri ya wanajeshi wa jimbo lenyewe. Wallace alisoma tamko lake mbele ya kamera, kisha baadaye siku hiyo akapisha. Wale vijana wakaingia.

Kama angekuwa mtu wa chuki tangu mwanzo, ningefunga kitabu nikalale. Lakini Wallace alipokuwa hakimu, wakili mweusi, J. L. Chestnut, alisimulia kwamba huyo ndiye hakimu wa kwanza kumwita "Bwana" mahakamani. Mwaka 1958 aliwania ugavana akabwagwa na John Patterson, aliyeungwa mkono na Ku Klux Klan. Wallace akapiga hesabu zake. Mwaka 1962 aligombea kama mbaguzi kuliko wote, akashinda.

Nilimsimulia baba habari hizi kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo namjua."

Januari 2008 nyumba yetu nje ya Eldoret ilichomwa. Nilikuwa na miaka tisa. Tulilala kwenye uwanja wa maonyesho, sote watano chini ya turubai moja. Miezi ya kampeni, mheshimiwa wetu mmoja alikuwa amezunguka akisema madoadoa yaondolewe. Madoadoa ndio sisi. Na mtu huyo alikuwa amekula kwetu, mara si moja, mama akimchinjia kuku. "Hakutuchukia," baba husema. "Alituhesabu tu, akaona hatutoshi."

Mwaka 1972, akitafuta urais, Wallace alipigwa risasi huko Laurel, Maryland. Hakutembea tena. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi aliyekuwa akishindana naye kwa tiketi ileile ya chama, alikwenda kumtazama hospitalini, na wafuasi wake wengi wakamkasirikia. Miaka ya baadaye Wallace alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi ndani ya kanisa la Dexter Avenue, Montgomery, lililokuwa la Martin Luther King, akaomba msamaha. Mwaka 1982 akachaguliwa gavana kwa mara ya nne, safari hii kwa kura nyingi za watu weusi. Mwaka 1996 alimtunuku Vivian Malone tuzo yenye jina la marehemu mkewe, Lurleen. Alipofariki mwaka 1998, James Hood alikuwepo mazishini.

Hapo kwa Hood ndipo ninapokwama. Nimejaribu kumwona amekaa pale kanisani, na kila nikijaribu namwona baba.

"Aliomba msamaha kabla ya risasi au baada?" baba aliniuliza.

"Baada."

"Na kura alizitaka tena?"

"Alizitaka."

Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Mwaka jana mheshimiwa wetu alikuja kwenye harambee ya kanisa. Msamaha hakuomba. Alimfuata baba hadi alipoketi, akamwita kwa jina, akamuuliza kijana wa Marekani anaendeleaje na masomo. Baba akampa mkono. Dada yangu ndiye aliyeniambia, akiwa na hasira hata akashindwa kumaliza.

Nilimpigia baba usiku uleule. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine si ya kumwambia mzazi.

"Baba, ulimpa mkono?"

"Alinyoosha wake. Watu walikuwa wakitazama."

"Ndiyo basi?"

"Mkono tu, mwanangu. Nyumba nilijenga mwenyewe." Kisha akaniuliza kama huku kuna mvua, kwa sababu kwao mahindi yalikuwa yameanza kunyauka.