Baiskeli ya Maji Kupwa

Utotoni mwangu Jambiani, njia yetu ya kwendea Paje ilikuwa pwani yenyewe. Siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne asubuhi. Bahari hurudi mbali, ikaacha mchanga uliolowa na kushikana, na baiskeli hupita juu yake kama juu ya sakafu. Baba aliingojea saa hiyo. Alikuwa na Phoenix nyeusi yenye breki za vyuma na keria pana, na juu ya keria ile nimeona pweza, magunia ya mwani wa mama, na siku moja mlango mzima wa chumba. Akirudi tulimjua kabla hatujamwona, kwa kilio cha cheni.

Kilio kile kilikuwa chumvi. Tairi nyembamba zilizama kila alipotoka kwenye mchanga mbichi, ikabidi ashuke asukume, akakatiza vidimbwi. Jioni hapakuwa na maji matamu ya kuoshea baiskeli. Ya kunywa yenyewe yalichotwa kisimani. Spoki zikakatika moja moja, mpaka Phoenix ikaegemezwa ukutani, ikabaki hapo.

Nilipoanza kupata mshahara nilinunua ya mtumba, ya gia 21. Niliipenda mno. Miezi haikuwa mingi kikono cha nyuma kinachohamisha cheni kikaganda, waya za gia zikaoza ndani ya maganda yake. Mimi nikazidi kutia mafuta, nikidhani ndiyo matunzo. Kumbe mafuta yale yalikamata mchanga, yakawa msasa unaokula meno siku nzima.

Fundi wetu aliitazama, akaniuliza, "Mjomba, gia ngapi unatumia?"

Nikafikiri. "Moja."

"Basi hizo ishirini ni za bahari."

Kutoka Jambiani hadi Bwejuu hakuna kilima hata kimoja. Nikaenda kuitoa Phoenix ukutani. Fremu ilikuwa nzima. Tukaigonga kutu, tukamimina mafuta ndani ya mabomba yake. Magurudumu tuliyataka ya inchi 26, rimu za aluminiamu, spoki zisizoshika kutu, na tairi nene za inchi 2.125 zinazokanyaga mchanga badala ya kuukata. Hapo tukakwama. Breki za vyuma huvuta raba juu zigote rimu ya inchi 28. Rimu ndogo hazifiki. Tena habu ya nyuma ya zamani ina matundu 40, na rimu yetu ilikuwa na 36. Siku kadhaa nilidhani kazi imeishia hapo.

Dawa ilitoka kwenye baiskeli ya Kiholanzi iliyokufa fremu: habu ya matundu 36, yenye breki ndani yake. Unakanyaga pedali kinyumenyume, inasimama. Hakuna waya, hakuna raba, na chumvi haipati pa kuingilia kwa urahisi. Sijaona kifaa kinachoufaa ufukwe wetu kuliko hicho.

Cheni niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaichovya kwenye mishumaa iliyoyeyushwa koponi. Nta ikiganda haishiki mchanga. Bomba la kiti nililipaka grisi, maana chuma kikikaa na chumvi hushikana na fremu hadi ukate kwa msumeno. Upepo siujazi sana: nabonyeza tairi kwa kidole gumba, iingie kidogo.

Mama alikuwa wa kwanza kuibebesha gunia la mwani. Baba hakusema neno. Bamvua iliyopita alitaka nimpeleke Paje, akapanda kwenye keria, mkono mmoja begani kwangu. Tulikuwa tumeshaacha kijiji nyuma aliponigusa.

"Mbona hailii?"

Nikamwambia habari ya mishumaa. Akanyamaza, akasikiliza tairi zikipita juu ya mchanga mbichi, halafu akaniomba niende polepole.