Koshe, Mlima wa Taka wa Addis Ababa

Addis Ababa maana yake ni Ua Jipya. Jina hilo lilitolewa na mwanamke, Malkia Taytu, mke wa Mfalme Menelik II, mji ulipoanzishwa mwaka 1886. Mama aliyekuwa mwenyeji wetu alitueleza hayo ndani ya basi dogo, tukiwa njiani kuelekea upande wa kusini magharibi, mahali ambapo wageni wengi hawapelekwi. Panaitwa Koshe. Tangu miaka ya 1960 mji huo umekuwa ukimwaga taka zake hapo.

Tulikuwa akina mama sita kutoka Dar es Salaam, tuliokwenda Ethiopia kwa mkutano wa akina mama wa makanisa. Siku moja ilikuwa ya mapumziko. Wenzetu wa nchi nyingine walichagua makumbusho na soko la Merkato. Sisi tuliomba kwanza tuone kile kituo kinachofua umeme kwa taka za majumbani, kwa kuwa hata kwetu habari za namna hiyo si ngeni. Katika miaka ya 1990 ulikuwepo mradi ulioitwa Takagas, wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na taka zinazooza za Dar es Salaam. Ulizungumzwa sana, kisha ukaishia kwenye makaratasi.

Jambo moja lilitufurahisha njiani. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza. Dereva alipotuambia tutafika saa tatu, ilikuwa saa tatu yetu hasa, wala hakuna aliyelazimika kuongeza wala kupunguza sita.

Basi liliposimama kando ya barabara ya mzunguko, tuliona vitu viwili kwa pamoja. Upande mmoja kilima kirefu chenye rangi ya majivu, na majani yameota hapa na pale. Upande wa pili jengo kubwa lenye bomba la moshi lililopanda juu sana. Kilima ndicho Koshe. Jengo ndilo kituo cha Reppie, kilichozinduliwa Agosti 2018 na Rais wa wakati huo, Mulatu Teshome, na kutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika Afrika.

Hatukuingia ndani ya uzio, lakini kazi ya kituo kama hicho si ngumu kuielewa kwa mama anayejua jiko. Magari humwaga taka katika shimo kubwa la zege. Kreni huzigeuza na kuzichanganya, kama mtu anayegeuza mahindi juani, kisha huzitia katika tanuri. Humo moto hutakiwa uzidi digrii 850, maana ukipungua moshi hubeba sumu mbaya. Joto huchemsha maji, maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha mashine ya kufua umeme. Moshi husafishwa kwa chokaa na kupitishwa katika vichujio kabla ya kuachwa uende. Kinachobaki ni majivu, karibu kilo 20 hadi 25 kwa kila kilo 100 za taka. Kwa hiyo mtu asidhani taka hupotea kabisa. Hayo majivu nayo yanahitaji mahali pake.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2017 kwamba kituo hicho kilitazamiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku, yaani karibu asilimia 80 ya taka za mji. Ni hesabu ya kutia moyo. Lakini tulipomwuliza mwenyeji wetu kuhusu umeme wenyewe, alitabasamu. Nchi yake haikukosa mito. Bwawa kuu la Ethiopia katika mto Nile ya Buluu, lililozinduliwa Septemba 2025, limejengwa kutoa zaidi ya megawati 5,000. Reppie kilitajwa kuwa cha megawati 25. Kwa maoni yetu, basi, anayekitazama kituo hiki kwa ajili ya taa peke yake hajakiona. Faida yake kubwa ni kile kisichokwenda kuongezwa juu ya kilima.

Na kilima hicho kimeua. Jumamosi, Machi 11, 2017, wakati wa Kwaresima ya Waethiopia, mnamo saa mbili usiku, sehemu ya Koshe iliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 110 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Taifa lilitangaza maombolezo ya siku tatu. Wakati huo kituo kilikuwa kinajengwa hapo hapo kando, hakijaanza kazi. Mwaka mmoja kabla yake mji ulikuwa umefungua jaa jipya huko Sendafa, lakini wakulima wa huko wakakataa harufu na maji machafu katika mashamba yao, na magari yakarudi Koshe. Ni vigumu kuwalaumu wakulima. Ni vigumu pia kusimama pale barabarani na kutofikiri juu ya mama anayepakua chakula cha jioni, na mlima unakuja.

Baada ya maafa yale, Umoja wa Mataifa na serikali ya Japani walisaidia kutengeneza sehemu ya kilima kwa njia iliyoanzia Fukuoka. Mabomba na mawe hulazwa ndani ya taka ili hewa iingie na maji yatoke. Taka zikipata hewa hutoa gesi kidogo ya methani, na mteremko hautotii maji ukawa mzito. Kazi hiyo haina sifa kama bomba refu la moshi, lakini sisi tuliiona ya maana sana.

Msomaji asidhani hayo ni ya Ethiopia tu. Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi huko Kampala liliporomoka vivyo hivyo na kuua watu zaidi ya 30. Dandora ya Nairobi ilitangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumwagwa. Sisi wa Dar es Salaam tuna Pugu Kinyamwezi, na akina mama wenzetu huokota chupa humo.

Mchana tulikwenda Merkato, na huko ndiko tulikoelewa tatizo la lile tanuri. Ipo sehemu ya soko inaitwa Minalesh Tera. Jina hilo ni swali analoulizwa mwanamke: una nini? Huko mapipa ya mafuta hukatwa yakawa majiko na masufuria, kwa kelele za nyundo ambazo hatukuweza kusikilizana. Vitu hivyo hukusanywa na vijana wanaopita mitaani wakiita "Korale!" Hununua makopo, chupa, viatu vikuukuu na magazeti mlangoni kwa mama wa nyumba. Chupa za plastiki za maji zina wanunuzi wake pia. Hakuna kinachokauka kinachoachwa bure.

Sasa fikiri, mama mwenzetu, ni nini kinachobaki katika ndoo. Ni maganda, mabua ya mboga, masalio ya chakula na majivu ya mkaa. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza, vyenye maji. Kila mama aliyewahi kuwasha kuni mbichi anajua kinachofuata: moto hutumia nguvu yake kukausha kuni kwanza, na sufuria inangoja. Vituo vya Ulaya hula karatasi na plastiki nyingi. Mikoba yetu haina utajiri huo, na kijana wa Korale amekwisha kuuchukua uliokuwepo. Tukimzuia ili tanuri lishibe, tumemnyang'anya mtu riziki yake. Taka zenye maji huoza vizuri zaidi katika tangi lililofungwa, zikatoa gesi ya kupikia au ya kuendeshea mashine, na mbolea juu yake. Kwa hilo, wale wa Takagas walikuwa wameona sawa. Lakini tangi hilo nalo halitaki chupa wala mifuko, na wa kutenganisha ni yule anayemenya viazi.

Huko Addis Ababa taka huchukuliwa nyumba kwa nyumba na vikundi vidogo, na katika vikundi hivyo wanawake ni wengi. Tuliwaona asubuhi, wamejifunga vitambaa usoni, wakisukuma mikokoteni yenye magunia. Mmoja alifungua gunia atuonyeshe. Kila kitu kilikuwa pamoja: nepi ya mtoto, maganda ya machungwa, kopo, kioo kilichovunjika. Mkono wake ulikuwa na kovu refu toka kidole gumba hadi kifundo. Hatukumwuliza limetoka wapi.

Jioni tulialikwa nyumbani kwa mwenyeji wetu. Ilikuwa bado Kwaresima, hivyo hapakuwa na nyama wala maziwa. Tulikula injera kwa shiro, dengu, kabichi na viazi, na maganda yalijaa beseni zima. Maganda ya machungwa aliyatandaza juu ya bati yakauke, ya kuwashia mkaa. Makopo aliyaweka nyuma ya mlango kumngoja kijana. Beseni la maganda ya viazi na kabichi alimpa binti yake alipeleke kwa jirani, aliyekuwa akinenepesha kondoo wa Pasaka.