Uji Uliolala

Zamani hapa Kisumu, mtu akijiinamia wiki kadhaa, hakuna aliyeuliza anakula nini. Walisema amerogwa, au ni mvivu, wakampeleka kuombewa. Tumbo tulilijua kwa njaa na minyoo tu.

Na tumbo lenyewe tulilitunza pasipo kukusudia. Dani, nyanya yangu, alikoroga unga wa mtama na muhogo kwa maji, akauacha ulale hadi uchachuke, ndipo akapika uji. Maziwa yaligandia kibuyuni. Mboga za akeyo na osuga zilirudishwa motoni siku ya pili, zikiongezwa maziwa mpaka uchungu uishe. Sisi watoto wa mjini tulikunja pua. Mkate mweupe ndio ulikuwa maendeleo. Basi maendeleo yamefika. Jioni Kondele yote yanukia chipsi.

Sasa ndipo wanasayansi wanatuletea habari za tumbo. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa Cork nchini Ireland, waliwalisha panya bakteria wa jamii ya Lactobacillus, na wasiwasi wao ukapungua. Neva ya vagasi, iungayo ubongo na tumbo, ilipokatwa, nafuu hiyo haikuonekana. Mwaka 2019 huko Ubelgiji, kati ya watu zaidi ya 1,000, wenye sonona walikutwa na upungufu wa bakteria fulani, ingawa kipimo hicho hakisemi kama huzuni ndiyo iliyotangulia. Panya wa Cork, kwangu, si shahidi wa mtu wa Nyalenda.

Kilichonichoma ni cha jirani. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliotangazwa mwaka 2025 uliwabadilishia chakula vijana wa kiume 77. Waliotolewa kwenye chakula cha asili wakalishwa cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha alama za inflamesheni, yaani uvimbe wa ndani ya mwili, zimepanda. Waliopewa cha asili, au mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, zao zilishuka. Inflamesheni hiyo hukutwa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona.

Mpwa wangu, anayemeza dawa za sonona, ameniuliza kama uji ule ungemfaa. Nikamwambia, dawa usiache, uji nitakupikia. Unga nimenunua soko la Kibuye, lakini mikononi mwangu unaoza badala ya kuchachuka. Dani hakupima kwa kikombe, wala hakuna aliyemuuliza. Wazee waliobaki pale kwetu nimewaendea. Wamenikaribisha chai na mkate.