Shanta Mgongoni, Toka Muyinga hadi Ufuko wa Tanganyika

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yawafaa sana vijana wa siku hizi ambao, wapatapo likizo, hutwaa shanta mgongoni, wakafuatana wawili watatu na kuvuka mpaka ili wajionee namna majirani wanavyoishi. Wengi wao hukimbilia Mombasa, Zanzibar au Kampala. Wachache hukumbuka kwamba magharibi ya Ngara iko nchi ndogo ya milima, yenye miji mitulivu na ufuko wa ziwa ambao mgeni wa pwani akiuona hudhani amefika kwao. Nchi hiyo ni Burundi.

KUINGIA MUYINGA

Msafiri atokaye Tanzania kwa barabara hupita Kabanga na kutokea Kobero. Hapo hutakiwa awe na hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na shilingi zake hazina budi kugeuka faranga. Mambo mengine mawili hubadilika papo hapo. La kwanza ni saa, kwani Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. La pili ni barabara: magari ya Burundi hupita upande wa kulia. Askari wa usalama barabarani hawahitaji kuelezwa hatari inayomkabili mtu aliyezoea tangu utoto kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Yafaa mmoja katika kikundi awe mkumbushaji wa wenziwe, hasa siku ya kwanza.

Muyinga ni mji wa kwanza mkubwa baada ya mpaka. Ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo hilo hadi mwaka 2025, ambapo mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Humo misikiti imo pamoja na makanisa, na sokoni Kiswahili husikika bega kwa bega na Kirundi. Hata hivyo, mgeni asemaye "Amahoro", yaani amani, kabla ya kuuliza bei, hupokewa kwa uso mwingine kabisa.

Kitu kimoja mjini humo chastahili kutazamwa na kila mzazi. Ni maktaba iliyokamilika mwaka 2012, iliyojengwa kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa lake limeezekwa vigae vya udongo juu ya miti ya mkaratusi, na ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza na kusoma. Mbele yake iko baraza ndefu yenye kivuli, kama zilivyo baraza za nyumba nyingi za Burundi. Jengo hilo limesifiwa katika nchi za mbali, na mali yake kubwa ni udongo uliopo kila kijiji.

KUVUKA RUVUBU

Kutoka Muyinga barabara huelekea kusini kupitia Karuzi, ikipanda na kushuka vilima vilivyojaa migomba, maharage na kahawa. Kabla ya Gitega msafiri huvuka mto Ruvubu. Mto huo huingia Tanzania, ukajiunga na Kagera, na maji yake huishia Ziwa Viktoria na hatimaye Mto Nile. Anayenawa uso hapo amenawa maji ambayo siku moja yataipita Misri.

GITEGA NA NGOMA ZAKE

Mji wa Gitega uliasisiwa na Wajerumani mwaka 1912 kuwa kituo cha kijeshi, nao askari na wachuuzi wasemao Kiswahili wakafuatana na utawala huo. Tangu mwaka 2019 Gitega ndio makao makuu ya nchi, na Bujumbura imebaki mji mkuu wa biashara. Asitarajie mtu kukuta majumba marefu. Gitega ni mji wa hewa baridi na mwendo wa taratibu. Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ni madogo, lakini humo mna vikapu, mikuki na vyombo vya nyumbani vya enzi za wafalme.

Mwendo wa kilomita saba hivi toka mjini upo mlima Gishora, penye nyumba za msonge na ngoma za kifalme. Mahali hapo hukumbusha enzi ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyepigana na Wajerumani kabla ya kukubali mkataba mwaka 1903. Katika Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma na pia ufalme, na anayewaona wapigaji wakiingia na ngoma nzito vichwani huku wakizipiga huelewa sababu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Agizo la Rais la mwaka 2017 liliamuru kwamba ipigwe na wanaume tu; basi binti aliye katika kikundi asinyakue virungu ili apigwe picha, hata kama kwao yeye ndiye fundi wa ngoma.

SWALI LISILOULIZWA

Barabara iendayo Bujumbura hupita Kibimba. Hapo pana mnara wa kuwakumbuka wanafunzi waliochomwa moto Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Maandishi yake yasema kwamba mambo kama hayo yasitokee tena kamwe. Vita vilivyofuata viliwaua watu wapatao laki tatu.

Mahali hapo ndipo msafiri wa Tanzania hupaswa kuutazama ulimi wake. Kwetu swali la "Wewe kabila gani?" ni mlango wa utani, Mnyamwezi akimkuta Mzaramo garini, safari nzima huwa kicheko. Burundi swali hilo hilo liliwahi kuulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na jibu lake likawa uhai au kifo. Kijana aliulizaye kwa mzaha katika mkahawa hakukusudia ubaya, lakini huenda aliyeketi mbele yake ana kaburi la mzazi nyuma ya swali hilo. Mgeni ni kuku mweupe: kila aendapo huonekana, na neno lake moja hukumbukwa baada ya yeye kuondoka.

Tanzania yenyewe inao mkono katika uponyaji wa jeraha hilo. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi hadi alipofariki Oktoba 1999. Mzee Mandela akamrithi, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Kutokana nao Katiba ya mwaka 2005 iliagiza kwamba katika majeshi ya ulinzi na usalama kabila lolote lisizidi nusu. Watu waliokuwa wakiwindana msituni wakavaa sare moja. Askari ajuaye maana ya kulala handaki moja na mwenzake anaweza kuupima uzito wa jambo hilo.

KUSHUKA ZIWANI

Baada ya Muramvya barabara hupanda hadi Bugarama, juu ya mgongo wa milima ugawao maji ya Nile na ya Kongo, kisha huporomoka kwa makona mengi. Vijana wa baiskeli hushuka humo wakiwa na shehena za ndizi, na kurudi juu wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Ni kazi ya kutafuta riziki, wala si mchezo wa kuigwa na mgeni.

Chini kabisa hung'aa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Kusini kidogo ya Bujumbura, Mugere, lipo jiwe la kukumbuka Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871 kutoka Ujiji walikokutana. Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na mbele zaidi Rumonge, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na samaki aitwaye mukeke huchomwa jioni. Watu wa Kigoma watamtambua kuwa ndiye mgebuka wao. Kuoga ziwani kuwe mahali wanapooga wenyeji, maana viboko na mamba wamo.

Kwa walio marafiki, mfuko wa fedha uwe mmoja na mtunzaji awe mmoja, na hesabu isomwe kila jioni mbele ya wote. Urafiki mwingi huvunjika njiani kwa nauli isiyojulikana nani aliilipa. Na mzazi anayemfungia mwanawe shanta, pamoja na blanketi la baridi ya Gitega, amfungie na wosia huu: majina ya watu na aulize, habari za mashamba na watoto na aulize, lakini kabila la mwenyeji wake asiliulize.